Mwenye Ufunguo wa Pili

Makao Makuu ya Benki
Ghorofa ya kumi na saba
4 Februari

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo, na juzi tu tumeongea hadi salio likakata. Ni kwa sababu hili ni jambo la kazi, na huku kwetu kitu ambacho hakiko kwenye karatasi hakijatokea.

Habari ni hii: nimepewa niandike kitabu cha miaka sitini ya benki! Mimi, ninayekaa karibu na birika la chai! Mkurugenzi aliuliza mkutanoni nani ana habari za zamani, mkono wangu ukapanda kabla sijaushauri. Nikasema bibi yangu ndiye aliyefungua mlango wa tawi la kwanza la benki hii. Watu wote wakageuka. Jamani, nilijisikia kama mlango niliufungua mimi.

Sasa sikiliza tatizo. Nimekaa stoo ya kumbukumbu wiki nzima, nimekula vumbi, hadi nimelipata daftari la funguo la tawi lako. Utaratibu unaujua kuliko mimi: fedha za serikali hazifungiwi na mtu mmoja. Kila jioni watu wawili, funguo mbili, sahihi mbili. Sahihi ya kwanza ni yako, na ule mkia wake. Lakini siku kumi na nane za mwanzo, mahali pa mtu wa pili hakuna jina. Kuna mistari mitatu mifupi ya penseli ya buluu, na mmoja mrefu umeipita katikati. Siku ya kumi na tisa kuna mikwaruzo tu, kama mtu alikuwa anajaribu kalamu. Siku ya ishirini ndipo inaanza sahihi ya meneja.

Mkaguzi Mkuu, mzee mmoja mwembamba ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, amesema mwenye ufunguo wa pili asipojulikana hadi mwisho wa mwezi huu, siku hizo kumi na tisa hazihesabiki. Zisipohesabika, tawi lako litakuwa limefunguliwa siku meneja alipofika, na hapo Tawi la Reli limekutangulia kwa wiki nzima. Watu wa Reli wameshaagiza kofia zimeandikwa "Sisi wa Kwanza". Bibi, kofia!

Kwa hiyo niambie, huyo mtu ni nani? Na hapa nauliza kwa sauti ya chini: kama ni mtu wako wa zamani, wa kabla ya Babu, mimi si mtoto, nitaelewa. Niandikie tu, na barua hii Babu asiione.

Mjukuu wako,
Maswali


Nyumbani
11 Februari

Maswali,

Marahaba. Kwanza nikwambie anayenisomea barua zako ni nani. Tangu mvua zilizopita macho yangu yana ukungu. Daktari kasema ni mtoto wa jicho, nami sikutaka kuwatia wasiwasi. Kuandika naandika, mkono unajua njia, ndiyo maana herufi zangu zimenenepa namna hii. Kusoma, ananisomea babu yako, tena kwa sauti. Alisoma vizuri hadi "barua hii Babu asiione". Akashusha miwani, akauliza, "Niendelee?" Nimecheka hadi nikashika ukuta.

Haya, andika. Chumba kilikuwa stoo ya mbolea. Tulisugua sakafu siku nne na harufu haikutoka. Meza moja, viti viwili, kalamu nne, na sefu iliyoshushwa na wanaume wanane. Nilikuwa na miaka ishirini, karani peke yangu. Serikali yenyewe ilikuwa changa. Benki zilizokuwepo zilikuwa za wenye mali. Mwalimu au mkulima mdogo akiingia anaulizwa kama amepotea njia. Redio ikatangaza kwamba Jumatatu benki ya wananchi inafunguliwa. Jumatatu foleni ikazunguka jengo, na meneja hayupo! Kashikwa na homa njiani, kalazwa, na funguo zote za sefu zimo mfukoni mwake. Makao Makuu walituma sefu kwa lori na funguo kwa mtu. Akili za watu wa ofisini hizo. Sefu ninayo, imefungwa, hata kuisogeza siwezi.

Ungefanya nini wewe? Mbele ya foleni alisimama mama mmoja mkunga, kavaa nguo yake nzuri kuliko zote, fedha za miaka sita kazifunga kwenye pindo. Nimwambie arudi nyumbani? Nikafungua mlango. Likapatikana kasha la mbao na kufuli mbili. Ufunguo mmoja nikashika mimi, wa pili akashika mtu mwaminifu. Meneja alipokuja siku ya ishirini akahesabu, haikupungua hata senti. Akaniambia, "Mengine sitaki kuyajua," akatia sahihi.

Andika hivyo hivyo: mtu mwaminifu. Mengine na wewe usitake kuyajua.

Bibi yako


Dukani kwangu
13 Februari

Mke wangu mdogo,

Hii naandika bila bibi yako kujua. Tangu barua yako ifike anakunywa chai bila sukari na wala hagundui. Akiandika hujisemea kwa sauti, nimemsikia akikwambia uache mengine. Basi mimi nataka kujua jambo moja tu, uniulizie kwa wakubwa bila kutaja jina la mtu: mtu aliyevunja kanuni ya benki miaka sitini iliyopita, anaweza kukatiwa pensheni? Au kunyang'anywa ile saa ya ukutani aliyopewa alipostaafu?

Maana nilikuja kusikia baadaye kwamba kanuni inataka mwenye ufunguo wa pili awe mtumishi wa benki. Yule hakuwa mtumishi. Nalijua hilo kwa hakika. Bibi yako akipata shida kwa ajili ya yule mtu, mimi sitamsamehe yule mtu hadi naingia kaburini.

Na huyo Mkaguzi wenu msimseme sana. Mtu asiyecheka, mara nyingi ni suruali inambana.

Babu yako,
Fundi


Makao Makuu
17 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Tulia. Nimemuuliza Mkaguzi nikijifanya ni mambo ya kitabu tu. Amesema pensheni haiguswi na saa haiguswi, hata kama fedha zingelazwa ndani ya sufuria. Anachotaka ni mtu. Bila mtu, siku kumi na tisa zinafutwa, na Bibi anakuwa wa pili.

Babu, pole sana. Najua si rahisi kwako kuulizwa habari za mwanamume mwingine aliyeshika funguo pamoja na mkeo jioni kumi na tisa. Wewe ni muungwana, na nakupenda.

Nikuchangamshe kidogo. Nimefika sura ya tatu. Benki ilipoanza kukua, kila tawi jipya Bibi ndiye alikuwa anapelekwa kulifungua. Nimehesabu matawi saba kwa miaka kumi na minane! Baba alizaliwa tawi la tatu. Shangazi alizaliwa tawi la tano, lile lililokuwa ndani ya lori likizunguka vijijini siku za mavuno. Sasa sikia: kwenye hati za kila tawi kuna mstari uleule, "mapazia, mistari ya kijani, fundi amelipwa". Yote saba! Kumbe kila akihamishwa ulikuwa unafunga cherehani unamfuata? Leo tuna matawi mia nne na kumi na mbili, mengine hayana hata karani, ni mashine tu ukutani, na watu wanaweka akiba kwa simu wakiwa wamelala chali. Lakini mkutubi ananiambia pazia moja la kijani bado liko stoo, na mshono wake haujafumuka.

Mjukuu wako,
Maswali


Makao Makuu
21 Februari

Bibi na Babu,

(Babu, soma kwa sauti na usiruke mstari.)

Leo asubuhi kwenye lifti mkoba wa mtu ulinasa kwenye blauzi yangu, ile ya kijani aliyonishonea Babu nilipoajiriwa. Kifungo kikaruka. Nikakimbilia msalani, nikaivua, nikaigeuza ndani nje nitafute kile kifungo cha akiba ambacho Babu hukishona kwenye pindo la kila nguo. Nikakiona. Na pembeni yake nikaona mishono mitatu mifupi ya uzi wa buluu, na mmoja mrefu umeipita katikati.

Nilipiga kelele mhasibu akagonga mlango akiuliza kama kuna nyoka.

Alama hiyo nimeivaa tangu chekechea! Sare zote, magauni yote ya sikukuu. Na wiki tatu nimeikodolea macho kwenye daftari nisiijue! Kumbe mwanamume wa zamani wa Bibi ni Babu. Babu, naomba unirudishie zile pole zangu zote.

Sasa nyie wawili mlikuwa mnaficha nini? Pensheni iko salama, Babu anajua, nilimwandikia. (Samahani Babu, hiyo imeponyoka.) Mkaguzi sijamwambia kitu. Zimebaki siku saba. Nipeni neno moja tu: niseme?

Mjukuu wenu,
Maswali


Nyumbani
24 Februari

Mjukuu wangu,

Usiseme. Waache watu wa Reli wavae kofia zao.

Babu yako yuko dukani, kwa hiyo leo naandika kwa nafasi. Ulipoiona ile alama hukujiuliza kwa nini mtu asiandike jina lake? Alikuwa hajui kuandika. Wala kusoma. Duka lake lilikuwa mlango wa pili, kasha lilikuwa lake la vitambaa, ndiyo maana ufunguo wa pili ukawa wake. Jioni ya kwanza nikampa daftari. Akalitazama, akasema, "Linasemaje?" Nikamwambia, "We tia alama tu, nina haraka." Akasema, "Sitii alama yangu kwenye kitu nisichokijua." Na maagizo niliyokuwa nayo ndivyo yalivyosema, asome ndipo atie sahihi! Nikakaa chini nikamsomea, mstari kwa mstari. Jioni ya pili akataka nimwonyeshe kwa kidole. Jioni ya kumi alisoma "jumla" mwenyewe, akapiga meza, kalamu zote nne zikadondoka. Daftari la benki ndilo kitabu chake cha kwanza. Na mwalimu wake hakuwa na haraka tena.

Ile mikwaruzo ya siku ya kumi na tisa, itazame vizuri. Ni neno "Fundi". Mimi ndiye niliyemshikia daftari lisiteleze.

Wanangu hawajui. Wamemwona akisoma tangu wachanga, yeye ndiye aliyekuwa anawasahihishia hesabu. Siku tulipooana nilijiapia kwamba hakuna mtu atakayemcheka kwa hilo maadamu niko hai. Leo mnataka mliandike kwenye kitabu, na kila tawi lipelekewe nakala! Nilikuwa najivunia kuwa wa kwanza, sikatai, najivunia sana. Lakini nampenda yeye zaidi.

Ukijibu andika herufi kubwa kama za bango, nitajisomea mwenyewe. Barua hii nampa yeye aipeleke posta. Hafungui bahasha isiyo yake.

Bibi yako


Dukani
24 Februari

Kwa Mkaguzi Mkuu,

YAH: UFUNGUO WA PILI

Mimi ni fundi cherehani, na mwenye ufunguo wa pili ni mimi. Kasha lilikuwa langu na kufuli zilikuwa zangu. Sikulipwa wala sikudai.

Niliweka alama ninayoweka kwenye nguo kwa sababu wakati huo sikujua kusoma wala kuandika. Karani ndiye aliyenifundisha, kwa daftari lenu hilohilo, jioni kumi na tisa. Jioni ya mwisho niliandika neno. Kama halisomeki, kosa ni la mwanafunzi, mwalimu hana kosa.

Nilinyamaza miaka yote nikidhani mke wangu atakatiwa pensheni. Mjukuu wangu amenihakikishia haikatwi, kwa hiyo sina tena sababu ya kunyamaza. Nimeambatanisha kipande cha kitambaa chenye alama yangu, mlinganishe. Barua hii naipeleka posta mwenyewe, pamoja na ya mke wangu.

Tafadhali nitumie na kipimo cha kiuno chako. Nina sababu zangu.

Fundi


Ofisi ya Mkaguzi Mkuu
2 Machi

Ndugu Fundi,

YAH: UFUNGUO WA PILI

Barua yako ya tarehe 24 Februari yahusika. Alama zimelinganishwa na ni zilezile. Neno la siku ya kumi na tisa limesomwa kwa kioo cha kukuzia, na mimi pamoja na maofisa wawili. Ni "Fundi". Herufi ya nne imeangalia upande usio wake.

Kanuni inayomtaka mwenye ufunguo awe mtumishi nimeifuatilia. Ilichapwa miezi minne baada ya tawi kufunguliwa. Maagizo yaliyokuwepo siku hizo yalitaka mambo mawili tu, kwamba mtu huyo awe mwaminifu, na kwamba asome kabla ya kutia sahihi. Nimeridhika kuwa yote mawili yalitimizwa. Siku kumi na tisa zinahesabika.

Hata hivyo, daftari linaonyesha kuwa ufunguo wa pili ulitolewa na haujarejeshwa hadi leo. Unatakiwa kuurejesha wewe mwenyewe siku ya maadhimisho, tarehe 21 Machi, ukifuatana na mwenye ufunguo wa kwanza. Viti vyenu viko mstari wa mbele.

Inchi thelathini na mbili.

Mkaguzi Mkuu


Nyumbani
6 Machi

Maswali,

Barua ya Mkaguzi imefika, babu yako akanisomea akiwa amesimama katikati ya chumba. Alipofika "neno la siku ya kumi na tisa" nikadondosha kikombe. Kumbe siku ileile niliyokuandikia usiseme, mtu mwenyewe alikuwa amebeba barua mbili, yangu ya kuficha na yake ya kutangaza, akazitumbukiza posta pamoja!

Nikamuuliza, "Huoni aibu, nchi nzima kujua?" Akanishangaa. "Aibu ya nini? Nimesomeshwa na benki ya serikali, bure, mwalimu wangu peke yangu. Nani mwingine kapata hivyo?" Jana kamwambia muuza mkaa. Leo kawaambia wateja wote dukani, mmoja hata nguo hakuwa nayo, alikuja kuulizia bei tu. Siri nimeibana kifuani karibu miaka sitini, kumbe mwenyewe angeitembeza hata na kengele. Nimemkasirikia dakika tano, halafu nikalia kwa furaha, halafu nikakumbuka sina viatu vya kuvaa siku hiyo.

Sasa anashona koti lake na suruali ya Mkaguzi. Vitambaa kitanda kizima, pa kulala hakuna.

Bibi yako


Makao Makuu
25 Machi

BIBI,

Nimenunua kalamu ya bango. Maneno sita kwa ukurasa, kwa hiyo usishangae bahasha ilivyonona. Hii ujisomee mwenyewe.

Umeniambia kwamba kwenye basi ulimuuliza Babu alikuwa anaandika nini muda wote ule pale mezani, akakujibu, "Mambo ya ofisi." Basi mimi nitakwambia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Ukumbi uliponyamaza, wewe ulidhani Babu amezidiwa. Hata kidogo! Mkaguzi alimwekea daftari la funguo, akamwonyesha pa kutia sahihi. Mkurugenzi kasimama, waziri kasimama, mpiga picha kapiga goti. Babu akavaa miwani, akasema, "Kwanza nisome." Akaanza juu kabisa, kwa kidole, mstari kwa mstari. Ukurasa mzima, Bibi! Waziri akahamishia uzito mguu wa pili. Bendi ikadhani imekwisha, ikapuliza, ikanyamazishwa. Watu wa Reli wakavua zile kofia zao, mmoja baada ya mwingine. Na mimi nilimwona Mkaguzi Mkuu, ndani ya suruali yake mpya, akicheka hadi magego.

Babu alipomaliza akaandika jina lake lote, kwa ule mwandiko wake ulionyooka, na chini yake akachora mishono mitatu na mmoja mrefu. Akaweka ufunguo mezani. Mkaguzi akamwambia bado kuna safu moja haijajazwa, imeandikwa "Sababu ya kuchelewa kurejesha".

Babu akainua kichwa, akakutafuta. Ulikuwa pale mstari wa mbele unajipepea kwa kofia ya Reli, sijui uliipata wapi. Akakutazama kidogo, kisha akainama akaandika: "Zamu haijaisha."

Mkaguzi akasoma. Akasoma tena. Akapiga muhuri wa "Imekaguliwa", halafu akageuka kutazama dirishani, na akakaa hukohuko akitazama hadi Babu alipomaliza shughuli yake, na mezani pakabaki daftari peke yake.

Mwambie avue koti, Bibi. Tazama mfuko wa ndani, ule aliouwekea kifungo.

Mjukuu wenu,
Maswali, leo sina hata moja